Dada, usivae hiyo mimba

Leicester, Jumapili usiku

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka zamu, nikapitiliza vituo viwili. Wewe na shemeji kumchukua yule mtoto wa kituo cha kulelea watoto, nimelia kwa furaha. Kilichoninyima usingizi ni ile sehemu ya mwisho: eti ufunge nguo tumboni, uende Morogoro miezi minne, kisha urudi Tanga umebeba mtoto "uliyemzaa". Dada, usivae hiyo mimba.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yuko bibi mmoja wa Kiingereza, nimemzoea kama mama mkubwa. Kila mwaka, mwezi wa tatu, ipo siku hataki chai, hataki kuoga, hataki mtu. Mwaka huu ndio akanieleza. Miaka ya sitini alipata mimba hajaolewa, wazazi wakampeleka kwenye nyumba ya kanisa, mbali na mtaa wao. Alikaa na mtoto wiki sita, akamvisha sweta aliyoifuma mwenyewe, akamkabidhi. Majirani waliambiwa alikuwa kwa shangazi.

Hayo yalikuwa mambo ya kawaida huku. Mwaka 1968 peke yake, England na Wales, watoto karibu 25,000 waliasiliwa, yaani walifanywa kisheria watoto wa wazazi wengine, wengi wao wa mabinti wasio na waume. Siku hizi England ni kama 3,000 kwa mwaka. Vidonge vya kuzuia mimba vimekuja, utoaji mimba umeruhusiwa, na mama asiye na mume anapata posho na pa kukaa. Aibu nayo ikapungua. Watoto walioko mikononi mwa serikali sasa, zaidi ya 80,000, wengi wameondolewa makwao kwa kupigwa au kutelekezwa, na wengi wanaishi kwa walezi wa kambo, watu wanaopewa mtoto wa kulea bila kufanywa wazazi wake kisheria. Ila kubwa kwangu ni sheria ya 1975: aliyeasiliwa akifika miaka 18 aruhusiwe kupata cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa. Waliowazaa wakaanza kugongewa milango na watu wazima wenye sura zao. Bibi yangu hajagongewa mpaka leo.

Jirani yangu ni mlezi wa kambo, ana watoto wawili. Kila mmoja ana kitabu chake cha alikotoka. Yule mdogo, wa miaka mitano, alinifungulia mwenyewe: ukurasa wa kwanza umebandikwa ile kamba ya plastiki aliyofungwa mkononi hospitalini, chini yake picha ya mwanamke kijana anacheka, sigara mkononi. Akaninyooshea kidole. "Huyu mama wa tumbo. Yule mama wa jikoni." Akarudi kula tosti yake.

Sasa mjomba wetu, anayesema dini inakataza. Nyumba yetu ya Ngamiani imelea watoto wangapi wa watu, nani aliuliza karatasi? Lakini hao tuliwajua ukoo. Huyu ameokotwa, basi mjomba anauliza damu ya nani, halafu anaisukumia dini. Kilichokatazwa, kama tulivyosoma chuoni, ni kumpachika mtoto nasaba isiyo yake. Surat al-Ahzab imesema waitwe kwa baba zao. Kulea yatima kuna thawabu. Hiyo mimba ya nguo ndiyo itakayokutia kwenye lile lililokatazwa!

Hatarithi kwa faraidhi, mirathi ya Kiislamu, sawa, lakini shemeji anaweza kumwandikia wasia, usizidi theluthi. Na la kuishi na shemeji akishakuwa mwari: wifi yako si ananyonyesha? Akimnyonyesha mara tano za kushiba kabla hajatimiza miaka miwili, shemeji anakuwa mjomba wake wa kunyonya, hawezi kumuoa, basi hakuna ubaya kukaa nyumba moja. Mwendeeni sheikh mkalizungumze, msimwachie mjomba awe mufti.

Kwa serikali, anzeni na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina malezi ya kambo, na kuasili kunaamuliwa na Mahakama Kuu. Hatua mwulizeni yeye. Lakini atakuja nyumbani kukagua, na jirani yetu wa mbele unamjua, hapitwi na mgeni bila kumuuliza katoka wapi. Utamficha afisa chini ya kitanda?

Waambie majirani tu: tumeletewa mtoto, tunamlea. Watasema wiki mbili, watachoka, watakuja na sabuni na uji.

Nimekutumia kidogo kwa simu, ni ya maziwa na nauli za ofisini, usimpe shemeji akaitia kwenye bodaboda.

Jambo moja tu nakuomba. Umesema alikutwa amefungwa kanga. Muulize mlezi wa kituo kama bado wameiweka, na kama ipo uiombe. Usiifue kwanza. Isome imeandikwa jina gani, unipigie picha.

Mdogo wako