Kiswahili hakijaharibu Kiingereza cha watoto wetu

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote.

Mi nimechoka kusikia haya maneno kwamba Kiswahili kikiingia shuleni Uganda watoto wataharibika Kiingereza. Tangu baraza la mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima praimari na sekondari, huku Busia, mpakani na Kenya, huo ndio wimbo wa wazazi, hata walimu wengine wanauimba, na mfano wao ni uleule, ati mtoto anaandika "He cans be happy" au "She can to be happy" badala ya can be happy tu, alafu wanakuonyesha daftari, mnaona sasa, hiyo ni Kiswahili. Mi nafundisha tuisheni jioni, P5 mpaka P7, yaani darasa la tano mpaka la saba, hizo sentensi nazisahihisha kila siku, na naomba nafasi niseme tu kwamba wanaolalamika hawajaziangalia vizuri.

Chukua hiyo "cans". Hiyo s imetoka wapi? Kiswahili hakina kitu kama hicho. Mtoto ameitoa kwa Kiingereza chenyewe, amefundishwa he runs, she cooks, it eats, akakatwa maksi kila akisahau s, sasa amefika kwa can akabandika s kama alivyoambiwa, huyo mtoto ana akili jamani, ni Kiingereza ndio kimemgeuka. Na sababu iko. Maneno kama can, may, shall na must zamani sana, miaka elfu na zaidi iliyopita, yalikuwa na umbo la wakati uliopita, watu wakazoea kuyatumia kwa mambo ya sasa, na umbo hilo la uliopita halikuwa linaongezewa herufi mwishoni kwa ajili ya he au she. Ndio maana mpaka leo ni I can, you can, she can, they can, neno limekaa palepale. Mwambie mtoto hivyo kwa dakika mbili ataelewa kuliko kuimbishwa chati ukutani muhula mzima.

Hiyo ya "can to be", sawa, hiyo nakubali ni yetu, tunasema anaweza kuwa na hiyo ku mtoto anaitafutia to. Lakini Luganda je? Muganda anasema asobola okuba, kuna oku pale, na mtoto wa Mukono, kwa Waganda, ambaye hajawahi kusikia Kiswahili anaandika "can to be" vilevile. Mbona hakuna anayesema Luganda ifukuzwe shule? Tena hicho Kiingereza chetu cha Uganda kimejaa Luganda, "you first wait", "you first be serious", wakubwa wanaongea hivyo redioni na hakuna anayelia.

Mi dawa yangu ni kuwaonyesha watoto hiyo kuwa yenyewe. Nawaambia Mwingereza akishataja can, must, should, will, might, anaitupa ku anabaki na wa peke yake, hiyo wa ndiyo be. Basi. Na haibadiliki kuwa is wala am wala are, inabaki be kwa wote. Wale wanaoandika "She can happy" nao wanapona hapohapo, maana kwetu unaweza kusema yeye mzuri bila kitu katikati, Luganda pia wanasema mulungi tu inatosha, lakini Mwingereza lazima aweke be.

Alafu kuna hilo neno la sifa linalokaa mwisho wa sentensi, good, clean, ready, happy. Hapa ndipo nacheka. Kwa Kiswahili tunahangaika na mzuri, wazuri, kizuri, vizuri, zuri, nzuri, Mwingereza ana good moja kwa mtu, viatu, mti na mvua. Watoto waliozoea kusema viatu mzuri na watu mzuri, ambao sisi walimu wa Kiswahili tunawasahihisha mpaka sauti inakauka, kwa Kiingereza hao ndio wako sahihi! Na hata Kiswahili sanifu kina maneno ya aina hiyo, yaliyokuja kwa Kiarabu, safi, rahisi, ghali, hayo hayachukui kiambishi chochote, mtoto safi, nyumba safi, viatu safi. Kwa hiyo naanza na safi. Niwe safi, uwe safi, awe safi, tuwe safi, I must be clean, you must be clean, she must be clean, we must be clean, wanaona wenyewe kwamba kwa Kiingereza kinachotembea ni I, you, she, we tu, vingine vyote vimekaa. Kiswahili kimeficha hao kina I na she ndani ya kitenzi, Kiingereza kimewatoa nje wasimame peke yao, ndio tofauti.

He na she inasumbua, sikatai, mtoto ataandika "my mother, he will be happy" kwa sababu yeye ni yeye. Lakini Luganda nayo ina ye moja na Kiacholi kina en moja, mwanamke au mwanaume, kwa hiyo hiyo kesi msiitupie Kiswahili peke yake.

Sasa kitu ambacho kinaniuma zaidi, na ambacho hakuna mtu anakitaja, ni maana. Mtoto anaweza kuandika "He must be sick" vizuri kabisa, herufi zote ziko, ukimuuliza maana yake anakwambia lazima awe mgonjwa, kama vile daktari ameamuru mtu augue. Must be ya Kiingereza ina kazi mbili kwa umbo moja, amri na kukisia, msomaji atajua mwenyewe ni ipi. Kiswahili kimezitenganisha, ukiamuru unasema lazima awe safi, ukikisia unasema lazima atakuwa mgonjwa, na mtoto wa Busia anazijua zote mbili tangu akiwa mdogo, hajafundishwa na mtu. Ukimwekea hizo mbili pembeni ya Kiingereza anashtuka, anaelewa. Na ukienda kwa kukanusha mambo yanageuka tena, kwa amri ni "he must not be late", asichelewe, lakini kwa kukisia must inaondoka, mtu anasema "he can't be sick", haiwezekani awe mgonjwa. May be, might be na could be ndio huenda na pengine zetu. Should be ni afadhali uwe, inafaa uwe, na pia kukisia kidogo, "they should be ready" ni watakuwa tayari saa hizi, nadhani. Hapo ndipo muda wa darasa ungeenda, si kuimba I can you can he can wakati hakuna kinachobadilika.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mkipata hata robo ukurasa kwa wiki, wekeni sentensi za Kiingereza na za Kiswahili pembeni, si tafsiri neno kwa neno, bali jinsi kila lugha inavyojenga hilo jambo, wazazi wasome na watoto wao nyumbani. Mi niko tayari kuandika bure. Ningeanza na hizo za must be, maana PLE, mtihani wa kumaliza praimari, ni Novemba na hao wangu wa P7 kwenye vifungu vya kusoma wanaanguka hapo kuliko mahali pengine popote.

Ticha wa tuisheni,
Busia, Uganda