Muuguzi mpya haondolewi woga kwa kuambiwa "jikaze"

Ndugu Mhariri,

Kila ajira za afya zinapotoka, vituo na zahanati za Urambo, Kaliua na Sikonge hupokea wauguzi waliomaliza chuo juzi tu. Wakitetemeka wodini, huambiwa wajikaze. Kujikaza hakumfundishi mtu hesabu ya dawa, na hofu nyingi ya siku za mwanzo inatoka hapo.

Chukua sindano ya artesuneti kwa mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali. Aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu anahitaji 30. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti, kinatikiswa mpaka dawa iwe angavu. Kama itapita kwenye mshipa, unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Kila mililita inakuwa na miligramu 10, unavuta mililita 3. Kama ni ya msuli, unaongeza mililita 2 tu. Kila mililita ina 20, unavuta 1.5. Anayechanganya mambo haya mawili humpa mtoto nusu ya dozi au dozi maradufu. Na pembeni mama amesimama, macho yote kwenye vidole vyako! Andika hesabu kwenye karatasi kabla ya kugusa kichupa, mwenzako aihakiki, ndipo uvute. Wakongwe makini nao hufanya hivyo.

Dripu ni hivyo hivyo. Mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Soma pakiti kwanza, maana mipira haifanani. Kanyula, ile sindano ya mshipani ya kupitishia dripu, ikikataa mara mbili, mwite mwenzako. Mgonjwa hastahili kuchomwa mara ya tano ili wewe usionekane mgeni.

Zamu ya usiku ndiyo inayotisha zaidi, hasa penye wodi ya wazazi. Fika mapema, upokee ripoti kitanda kwa kitanda, si mezani. Kisha shika vifaa kwa mkono wako: oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, iko kwenye friji? Barakoa ndogo ya kichanga ipo? Mfuko wa kumpulizia mtoto hewa uzibe mdomo kwa kiganja, uubinye. Ukinywea bila kukaidi, unavuja au vali imefungwa vibaya. Hilo ligundue jioni. Kichanga asiyepumua anatakiwa aanze kupuliziwa ndani ya dakika ya kwanza, na dakika hiyo haitoshi kutafuta kifaa kabatini kwa tochi ya simu.

Ukikosea dozi, sema papo hapo, mpime mgonjwa, andika kwenye faili. Hapa nawageukia wasimamizi wa wodi: anayefokewa mbele ya wagonjwa, kesho atalificha kosa, na atakayeumia ni mgonjwa.

Kwa waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, nina ombi moja. Msimpange mgeni usiku peke yake katika wiki zake za mwanzo. Najua zahanati nyingine zina wauguzi wawili tu. Basi ratiba ya ukutani ioneshe nani anapigiwa simu usiku huo, na huyo mtu alale simu ikiwa na chaji.

Muuguzi mkunga,
Tabora