Kitabu cha Babu kisitiwe laminesheni

Ami yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa kuomba pesa za kukitia kitabu cha Babu cha safari za baharini laminesheni, yaani plastiki ya kubandikwa kwa joto, nimeupata, na maneno ya mkahawani nayo yamenifikia, kwamba nataka kuwauzia Waingereza kitabu hicho. Aliyeyasema wamjua. Mwambie kitabu hakitoki Lamu. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, hapo Lamu, zilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza na zenyewe zikabaki pale pale.

Pesa za laminesheni sitoi. Joto la ile mashine huyeyusha gundi ikazama kwenye karatasi, na haitoki tena. Selotepu ni vile vile: ikizeeka hugeuka manjano, ikaacha doa. Wala msikifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu wa kwetu hujifungia ndani ukaotesha ukungu. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa chatosha, na kikae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje.

Kupiga picha ndiyo kazi. Mikono ioshwe na ikauke kabisa. Glavu za nini, zinachana kurasa. Kitabu kilazwe kati ya mito miwili, kisifunguliwe bapa, mshono utakatika. Kaeni karibu na dirisha lisilopigwa na jua, flashi izimwe, simu iwe sambamba na ukurasa, na rula ilale pembeni. Pigeni kila ukurasa, hata mtupu, hata jalada. Mkinitumia kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, kwani picha ya kawaida hubanwa na herufi ndogo zikafa.

Halafu kaa na Shangazi wa Mkomani muandike: nani aliandika, mwaka gani, chombo gani, kitabu kimepita mikononi mwa nani. Mwaka ndio roho yake. Babu alitumia dira, na kaskazini ya sumaku huhama mwaka baada ya mwaka, basi mwelekeo usio na tarehe hausahihishiki. Dira ya manahodha ina sehemu 32 zenye majina ya nyota, kila moja nyuzi 11 na robo. Zamu, kipimo cha safari cha manahodha, ni saa tatu za kusafiri, siyo umbali uliopimwa. Kwa kusi kali na kwa upepo mlegevu haiwi sawa. Asiyejua hayo atachora ramani ya kuchekesha.

Hapa Kensington, kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia iliyoanzishwa 1830, kuna ramani karibu milioni moja, na mwanenu nimeingia. (Waambieni na wale wa Langoni.) Ila usifikiri wao hawakosei. Burton na Speke, wavumbuzi Waingereza waliotumwa na Jumuiya hii, walipima kimo cha Ziwa Tanganyika 1858 kwa kuchemsha maji na kusoma joto lake. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu, kwa hiyo kipimajoto kikikosea sehemu moja ya kumi ya nyuzi tu, umepoteza mita 30. Chao kilikuwa kibovu, wakapata kama mita 560, na ziwa liko karibu mita 770. Chanzo cha kosa hilo kilijulikana kwa sababu waliandika walipima kwa kifaa gani. Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa nao alipewa na Jumuiya nishani ya fedha na pensheni. Wengi waliobeba mizigo na kuonyesha njia hawana hata jina kwenye ramani zile. Ndiyo maana nasisitiza jina la Babu liandikwe kamili, na la baba yake.

Huku kijua chatoka mchana na kuzama mapema, na mbaazi za kopo si mbaazi.

Pesa nitatuma za sanduku la karatasi isiyo na asidi. Hutengenezwa kwa kipimo, kwa hiyo nipe urefu, upana na unene kwa milimita, unene upimwe penye mshono na si ukingoni, kabla ya Ijumaa.

Ni mimi mwanao