Mwanafunzi wangu ananiuliza kama namwona mwizi, na mkataba bado sijausaini

Anti, pole na kazi. Ni saa tisa usiku, upepo unapiga mabati, na mimi niko mezani na makaratasi ya mkataba wa kitabu changu. Kurasa tisa. Nimezisoma mpaka nimezikariri. Naomba usinichukulie kuwa mtu wa tamaa. Nimefundisha miaka 29, chaki ndiyo imenilea mimi na watoto wangu, na sijawahi kugombana na mtu kwa ajili ya hela.

Jumapili mwanafunzi wangu wa zamani alikuja, tukala ugali na mlenda, akaweka mkataba mezani na kalamu juu yake. Nikamwambia, mwanangu, niachie kwanza niusome. Akanyamaza, halafu mbele ya mume wangu na binti yangu akasema, "Mwalimu, ina maana unaniona mwizi?" Anti, huyo nimemfundisha mimi kushika penseli. Darasa la kwanza alikuwa anakuja na njaa, namkatia nusu ya chapati yangu. Leo ni mhariri wa wachapishaji wa vitabu huko Dar, ananiuliza hivyo nyumbani kwangu. Nilitaka kusoma tu. Kusoma si ndiyo kazi niliyomfundisha?

Kitabu ni zile hadithi za bibi. Alikuwa anatusimulia kule Mvumi kwa Kigogo, na nyimbo katikati, sisi tunaitikia huku tunamenya karanga. Nimeziandika kwa Kiswahili miaka 6, usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari. Nyimbo ndizo zilinitesa. Nyingine nimezigeuza mara kumi na bado hazijakaa kama alivyoziimba.

Sasa huo mkataba ni wa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Binti yangu alinisaidia, tukawa tunaandika maana pembeni kwa penseli. Ukurasa wa pili wanataka niwahamishie hakimiliki yote, lugha zote, njia zote, mpaka redio na filamu na vitabu vya kwenye simu, kwa muda wote ambao hakimiliki itadumu. Niliona ni maneno ya kawaida ya mikataba. Binti ndiye aliyetafuta Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tukakuta muda huo ni uhai wangu wote, kisha miaka 50 baada ya kufa kwangu. Yaani ukiisha, hakimiliki yenyewe nayo imeisha. Haki hazirudi kwetu kamwe. Wala hawakuandika popote kwamba kitabu kikiisha madukani na wao wasipokichapa tena, haki zinanirudia. Kuna mwalimu mwenzangu yalimkuta hayo, kitabu chake hakipatikani popote, wenye nacho hawachapi, na hana ruhusa ya kukipeleka kwingine.

Mrabaha, yaani mgawo wangu kwa kila nakala inayouzwa, wameweka asilimia 10. Nilifurahi sana, mpaka nilipoona ni asilimia 10 ya mapato halisi, siyo ya bei ya dukani. Nikapiga hesabu: kitabu cha shilingi 8,000, mwenye duka akipewa punguzo la asilimia 40, kwao zinaingia 4,800. Changu hapo ni 480, siyo 800. Na bado kuna "gharama nyingine" za kukatwa kwanza, ambazo hawajasema ni zipi. Hesabu za mauzo wataniletea kila baada ya muda gani, hakuna. Tena natakiwa ninunue mwenyewe nakala 200 kwa nusu bei, yaani 800,000. Nitazitoa wapi? Nimesema fedha siyo shida yangu, na ni kweli, lakini mshahara wangu bado unakatwa mkopo.

Haya yote ningeweza kuyameza. Kifungu cha 11 ndicho kinachoninyima usingizi, hata mume wangu sijamwambia. Kinasema nathibitisha kwamba kazi hii ni yangu, na akitokea mtu wa kudai, gharama zote juu yangu. Ni yangu, Anti? Maneno ya Kiswahili niliyapanga mimi, hilo naapa. Lakini hadithi ni za bibi, naye alizipata kwa mama yake, na sheria hiyohiyo ina sehemu yake ya sanaa za jadi. Shangazi yangu yuko Mvumi mpaka leo anazisimulia kwa wajukuu. Nikisaini kwamba ni zangu, halafu nikawapa wao lugha zote na njia zote, kesho mtoto wa pale nyumbani akimrekodi bibi yake na kumweka mtandaoni, ataambiwa ameiba? Ndipo lile neno lake linanirudia. Ananiuliza kama namwona mwizi, wakati mimi ndiye ninayejiuliza kama nawaibia ndugu zangu.

Walimu wenzangu wanasema nisaini, wangapi wanabahatika kuchapishwa. Mume wangu anasema niuchane, tuuze mbuzi tuchape wenyewe. Mwanasheria mmoja niliyekutana naye mjini alinipa dakika chache akiwa amesimama. Alisema hakimiliki haihamishwi kwa mdomo, ni kwa maandishi yenye saini, kwa hiyo mpaka sasa bado iko kwangu hata kama sijaisajili popote. Akasema nisiihamishe, niwape leseni tu, yaani ruhusa ya kuitumia huku ikibaki yangu: kitabu cha karatasi, kwa Kiswahili, miaka mitano au saba, na masharti ya haki kurudi. Nimeyaandika vizuri kwenye daftari. Kuyasema mbele ya yule kijana ndipo ulimi unakufa. Nikifikiria neno leseni tu, nauona uso wake ule wa Jumapili.

Labda hata yeye hana kosa. Labda ni karatasi ileile wanayompa kila mwandishi na hajawahi kukutana na mtu aliyeisoma. Lakini kwa nini aliniambia vile mbele ya binti yangu? Angeniita pembeni.

Wakati mwingine nasema basi, kitabu sikitaki, heri nibaki na mwanangu. Siyo kweli. Nakitaka. Nataka nimpelekee shangazi kule Mvumi ashike kwa mikono yake, jina la bibi liwe ukurasa wa mbele kabisa. Hilo nalo halimo kwenye mkataba.

Anti, mtu kama mimi, kitabu cha kwanza, inaruhusiwa kukata mistari kwenye mkataba niliopewa na kuandika yangu, au ni kusaini ama kuacha? Na hicho cha 11, naweza kuomba kiandikwe kwamba ninachothibitisha ni maandishi yangu tu, hadithi zibaki za watu wa kwetu? Jumamosi anakuja na treni ya mwendokasi kuuchukua. Nitampikia kama kawaida. Nisaidie nijue la kumwambia kabla hajatoa kalamu.

Mwalimu,
Nkuhungu, Dodoma