Barua kutoka Kando ya Mto Zigi

Shoga yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na watoto hapo Tanga hamjambo. Uliniuliza ninaendeleaje tangu nilipotoka eda. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa kuwa kwenye simu mtu husema "namshukuru Mungu" na mazungumzo yakaishia hapo.

Faraja yangu nimeipata mtoni. Baada ya miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, nilianza kwenda Zigi, kule chini ambako barabara ya kupanda Amani inaingia msituni. Kuzungukwa na watu wanaokupenda ni neema, lakini kila anayekuja kukuhani hukutazama usoni ajue kama umelala na kama umekula, hata mfiwa akajikuta ndiye anayewaliwaza wageni. Mtoni hakuna wa kuniuliza. Maji yanapita kwenye mawe kwa kishindo, nikilia hakuna anayenisikia, na nikinyamaza kutwa nzima hakuna anayeona ajabu.

Kuna jiwe moja kubwa ambalo marehemu alinionyesha zamani. Upande wake usiopigwa na jua hauna udongo wa kujaza hata kiganja, lakini ndipo yalipoota yale maua madogo ya rangi ya zambarau, yenye majani manene ya vinyweleo ambavyo matone ya maji hunasa juu yake. Ni yeye aliyenisimulia kwamba mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na tangu hapo maua haya yakaenea duniani, yakapandwa kwenye vyungu madirishani mwa watu ambao hawajapata kulisikia jina la Usambara. Alikuwa akilisimulia jambo hili kwa fahari, kana kwamba maua yenyewe ni wanawe. Sasa nikiyatazama namkumbuka akiwa mzima, wala si akiwa kitandani, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Nawe una haki na mto huu, maana maji yake yanateremka hadi bwawa la Mabayani, na ndiyo mnayokunywa hapo mjini. Ndiyo maana naumia nikiona mashamba yamesogezwa hadi ukingoni na mchanga umefukuliwa kutafuta dhahabu, ilhali sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kandokando ya mto zilindwe. Nimelisema katika mkutano wa kijiji, na nitalisema tena.

Najua nawe hukupata nafasi ya kumlilia mama yako, kwa jinsi ulivyobeba shughuli zote za msiba. Kwa hiyo nakuomba uje ukae nami, nami nitakupeleka mtoni bila kukuuliza neno. Njoo mwishoni mwa Juni, masika yakishapita, kwa sababu wakati wa mvua barabara ya Amani huteleza vibaya na magari hukwama. Ukifika stendi ya Muheza nipigie, nitakuwa nakungoja. Chukua kitenge kizito, kwani asubuhi huku kuna baridi, na uniletee dagaa wakavu kidogo.

Wasalimie watoto wote.

Ni mimi shoga yako,
wa Muheza