Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Uliopita na Kura ya Mishahara ya Wachezaji Wapya

Ndugu wanachama,

Mikutano minne ya mwaka ilifanyika yote, wanachama wapya 6 walipokelewa, hesabu zimekaguliwa. Hayo mnayajua, sitawachosha nayo.

Nije kwenye lililozua maneno: msimamo wa chama kuhusu ligi za kulipwa kuweka kikomo cha mishahara ya wachezaji wapya. Kura zilifungana 11 kwa 11, nami nikapiga ya uamuzi, kuunga mkono kikomo. Nimeitwa mburuzaji. Katiba yetu inanipa kura hiyo, na niliipiga baada ya miezi ya kusoma, usiku, kwa muda wangu mwenyewe.

Chukueni NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ambako kila mwaka timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwaka 2007 timu ya Oakland Raiders ilimchagua JaMarcus Russell wa kwanza kati ya wote, wakamhakikishia zaidi ya dola milioni 30. Baada ya misimu mitatu waliachana naye, na hakucheza tena katika ligi ile. Mwaka 2010 Sam Bradford alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi. Makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji yakaweka viwango vya mishahara ya wachezaji wapya, na mwaka huohuo Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akasaini miaka minne kwa takriban dola milioni 22. Fungu la mishahara la timu lina mwisho wake. Anachozidishiwa mgeni kinapungua kwa mkongwe aliyeuchosha mwili wake uwanjani.

Mwanachama mmoja alisimama akapinga kikomo kwa kumtaja mchezaji Brock Purdy, na hoja yake iliniingia. Kijana huyo alikuwa chaguo la 262, la mwisho kabisa mwaka 2022. Msimu wa 2023 aliifikisha San Francisco 49ers kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, kwa mshahara usiofika dola milioni 1, na kanuni zikimzuia kudai mkataba mpya kabla ya misimu mitatu. Mwaka 2025 alipata wa dola milioni 265 kwa miaka mitano. Lakini goti lingeweza kumvunjika katikati, asipate kitu. Ndiyo sababu katika aya ya tatu ya tamko letu la msimamo huo, niliyoiandika mimi, tunataka muda huo upunguzwe uwe misimu miwili. Wengi wanaonilaumu hawajaifikia aya hiyo.

Tena siku ile tulikuwa 23 kati ya wanachama 71. Tulisubiri akidi saa nzima, safu tatu za viti vya nyuma hazikukaliwa na mtu. Wangefika watano tu kati ya wanaonung'unika leo, kura yangu isingehitajika. Ada nazo, wanachama 38 hawajalipa, baadhi yao mwaka wa pili sasa, na nauli za wazungumzaji wawili nilizitoa mfukoni mwangu.

Mwakani tunatumaini kuujadili mpira wa kikapu, ambako NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ina viwango vyake vya wachezaji wapya tangu 1995. Tarehe mtatangaziwa mambo yakikaa sawa.

Mwenyekiti