Mdogo wangu, kuna ubeti umeuruka

Mdogo wangu, meseji zako zote nimeziona, na zile tiki za bluu ni kweli nilisoma nikanyamaza, ila sio kwamba nimenuna kama ulivyomwambia mama mdogo. Naandika hapahapa hadharani maana na wewe ulinisema mbele ya watu, kwahiyo tusioneane haya sasa hivi.

Kwanza hongera kwa shoo yako ya Iringa. Nasema toka moyoni. Nilifunga kibanda siku nzima, nikapanda basi, Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga (nikaangalia upande wa makaburi mpaka tukapita), nikashushwa Ipogolo nikapanda mlima na bajaji, na njia nzima nimejiandaa kukuonea huruma. Mtu mmoja na gitaa lake, muziki wa roki, Iringa, tena Juni watu wamejikunyata na majaketi, na wale watoto wa vyuo wamezoea singeli na amapiano, nani atakusikiliza? Af ukavua kiatu. Ukakanyaga kile kidude chako cha chini na soksi, ukagonga tumbo la gitaa na kiganja, du du ka, kidude kikaanza kurudia chenyewe, ukaweka besi juu yake nayo ikawa inarudia, ukaweka vile vinyuzi vyembamba vya juu, hadi nikawa natafuta kwa macho hao wenzako wamekaa wapi. Soksi imetoboka dole gumba lakini ukumbi umetulia.

Na mkanda wa gitaa ni kitenge cha bibi. Nilikitambua, kile cha kahawia cha kuendea kliniki. Siku ya kugawa nguo si ulisema hutaki kitu?

Basi ungeishia hapo. Lakini ukashika maiki ukasema huu unaofuata ni wa dada yangu, aliuza gitaa langu la kwanza bila kuniuliza, na leo yupo hapa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikajua utani. Kiitikio kikaja, dada nirudishie nyuzi zangu sita, na wewe huimbi mara moja ukaacha, unakitia kwenye kile kidude kinajirudia, yani hata ulipofunga mdomo ukawa unakunywa maji sauti yako ilikuwa bado inanidai. Ukumbi mzima unaitikia, tochi za simu juu. Kijana wa pembeni yangu, mstaarabu tu, ana sahani yake ya chipsi, akaniinamia akaniuliza, "Hivi huyo dada ni mtu wa namna gani lakini?" Nikamwambia hata mimi simjui.

Nikatoka. Ulipokuja kunifuata kwa muuza mishkaki ukanikumbatia unacheka, dada usimaindi, ni sanaa tu.

Sanaa tu. Haya. Sasa ngoja nikushauri, maana baba hayupo na wajomba unawajua. Ukiamua kuimba habari za ukoo, imba zote. Imba kwamba bibi alifariki Julai, Mafinga, baridi ile ya kuamka umande umeganda kwenye majani, na simu yako haipatikani, na haikuanza siku ile kutopatikana. Imba jeneza. Watu wanaona malori ya mbao yanashuka kila siku wanadhani Mafinga jeneza unaokota, wakati fundi alitaka hela mkononi kabla hajagusa randa. Mjomba mkubwa anasema tusubiri wa Dar watume, wa Dar wanasema tusubiri kikao, na mwili uko mochwari. Daftari la rambirambi lilikuwa mkononi kwangu, namjua aliyetoa na namjua aliyeandika ahadi mpaka leo ahadi. Wewe hukuandika hata ahadi, sikulaumu, hukujua. Ila gitaa lilikuwa limetundikwa pale sebuleni juu ya redio, kwaya walikuwa wanalitaka tangu Pasaka, wakatoa laki tatu keshi. Ulitaka nifanyeje? Niuze cherehani inayolisha watu? Nyie mnaosoma niambieni, angekuwa bibi yenu mngeacha gitaa linaning'inia ukutani?

Bibi alikuwa anakuita mume wangu mbele za watu, firigisi ni yako, sisi wengine tunagawana shingo. Mke kazikwa mume hayupo. Na ulipofika, begi bado liko mgongoni, neno la kwanza mlangoni ni gitaa langu liko wapi. Kina mama wote kimya. Hilo nilishalisamehe, nakuapia, mpaka ulipolitilia muziki.

Na usiniletee tena ile hadithi ya Dave Grohl. Najua, umenisimulia mpaka naiota, kwamba Kurt Cobain alipofariki Aprili 1994 na Nirvana ikaishia hapo, huyu mpiga dramu wao Oktoba hiyohiyo akaingia studio kule Seattle, dramu yeye, besi yeye, magitaa karibu yote yeye, kuimba yeye, akaita Foo Fighters watu wakadhani ni kundi kumbe ni mtu mmoja. Nzuri sana. Nakubali kabisa msiba unaweza kumfungia mtu ndani akatoka na muziki. Lakini hujawahi kuniambia kama alianza kwa kumshtaki dada yake.

Halafu dawa za presha za mama zinaisha tarehe ishirini, ni zamu yako, na utume na ya kutolea, mwezi uliopita kakopa kwa wakala.

Kinachoniuma wimbo wenyewe ni mzuri. Niko Mwanjelwa hapa nashona sare za watu, najikuta nauimba, mteja ananiuliza huo wa nani, nasema wa mdogo wangu, tena najivuna, af nakumbuka maneno yake nazima. Sitaki uufute. Mimi sio mtu wa hivo, na sijutii gitaa, ningeliuza hata leo. Nataka ubeti wa jeneza uwepo, basi, mistari minne haikushindi, mbona baridi ya Sao Hill uliimbia wimbo mzima na ile yako na yule binti tumekutunzia siri.

Na kama shida ni nyuzi sita kweli, kwaya wamepata kinanda, gitaa wanaliuza. Nimemuuliza mwenyekiti wao kasema laki nne haishuki. Mimi hata nauli ya kurudi Mbeya usiku ule nilikopa. Wewe una watu wanalipa elfu tano mlangoni, hesabu mwenyewe.